1984 ya George Orwell: nimeuziwa nakala isiyo na Chumba 101

Duka silitaji. Liko katikati ya mji, na bei zao si za mchezo. Nakala mpya, jalada linang'aa. Nikasoma riwaya mpaka mhusika mkuu, Winston Smith, yuko mikononi mwa O'Brien, mtu wa utawala wa kidikteta, anateswa. Nimeshamwona na yule mfungwa aliyekonda akabaki fuvu, anavyolia asipelekwe Chumba 101, heri mkewe na wanawe watatu wachinjwe mbele ya macho yake. Hapo swali linakuwa moja tu: humo ndani kuna nini?

Nafunua ukurasa, narudishwa juu ya duka la Mzee Charrington, Winston na Julia bado wanapendana. Kurasa zilezile nilizokwisha kuzisoma! Zinakwisha, mara Winston yuko mkahawani anakunywa jini, ameshaachiwa. Anakumbuka alivyokutana na Julia bustanini, kila mmoja akakiri kwamba alimsaliti mwenzake. Alimsaliti vipi? Nikamaliza kitabu namdharau Winston, namwona mwoga tu, kwa sababu ya mtu aliyebandika kurasa bila kuzitazama. Orwell aliipiga taipu kazi hii mwenyewe mwaka 1948, kisiwani Jura huko Uskoti, kifua kikuu kinamla. Januari 1950 akafa. Mtu anajitoa kiasi hicho, wewe kupanga kurasa tu kunakushinda?

Nikakirudisha. Muuzaji hata hakukifungua. "Dada, si umefika mwisho? Basi umesoma." Nikamwonyesha mahali kilipokatika, akaendelea na simu yake. Kitabu kikitoka hapa hakirudi, anasema. Nilitoka pale natetemeka, nimeapa kutoa nyota moja na kumwambia kila mtu aachane nacho.

Baadaye mwenzangu wa kazini akaniazima nakala nzima. Ni panya. Panya wenye njaa, ndani ya kizimba kinacholetwa hadi usoni, na Winston anapiga kelele wamfanyie Julia, si yeye. Nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Ule utawala ungeweza kumpiga risasi siku ileile ya kwanza. Hautaki. Unataka kwanza ampende Kaka Mkubwa, kiongozi wao, kwa moyo wake wote. Kumbe kurasa nilizonyimwa ndizo kitabu chenyewe, na hasira yangu kwa lile duka ikazidi maradufu.

Kwa hiyo nyota tano? Sijui. Shamba la Wanyama, kitabu kingine cha Orwell, ile tafsiri ya Kawegere ya 1967, ilinitoa machozi kwa ajili ya yule farasi mchapakazi, lakini kuna mahali unacheka. Humu hupumui. Mtu aliyefiwa karibuni nisingempa. Wengine wote nasema kisomeni, tena nasema kwa nguvu. Ila kabla hujalipa fungua sehemu ya 3, kagua kurasa hapohapo kaunta, na muuzaji akinuna mwache anune.