Spec Ops: The Line: gemu kali ya jeshi ambayo siku hizi hata ukiwa na hela huipati kwenye maduka ya mtandaoni

Ukiniuliza gemu gani ya jeshi haikupewa heshima yake nakutajia Spec Ops: The Line kabla hujamaliza swali. Ilitoka 2012, wametengeneza jamaa wa Yager wa kule Berlin, 2K ndo waliokuwa wasambazaji, ikawepo PC, PS3 na Xbox 360, na mauzo yake hayakufika pale walipotegemea. Nahisi kava limechangia sana, mtu anaona mwanajeshi wa Marekani, mchanga, bunduki, anasema aah hizi si zimejaa, anapita zake.

Na mwanzoni kweli iko hivyohivyo. Unacheza kama Kapteni Martin Walker, ana wenzake wawili, Adams na Lugo, mnaingia Dubai iliyofukiwa na dhoruba za mchanga kumtafuta Kanali John Konrad na kikosi chake cha 33 waliobaki mle na raia. Sitaki kudanganya mtu, upigaji risasi wake ni wa kawaida tu, kujibanza nyuma ya ukuta saa nyingine kunakera, na ile ya kucheza wengi mtandaoni haikuwa na maana yoyote. Nilichopenda kwenye mapigano ni mchanga wenyewe, unapasua kioo kwa risasi mchanga unaporomoka unawafukia maadui walioko chini, aisee hiyo mpaka leo naipenda.

Sasa stori ndo yenyewe. Kama una njia ya kuipata hii gemu ruka aya hii, mi siwezi kuielezea bila kugusa hapa. Kuna sehemu mnafika juu ya kambi, maadui wengi kupita kiasi, pembeni kuna mzinga wa fosforasi nyeupe, kemikali inayowaka na kuunguza watu. Lugo anakataa, anasema lazima kuna njia nyingine, na ukijaribu kupigana kawaida wanakuja tu hawaishi mpaka unakufa. Basi unautumia. Unaangalia kwenye skrini ndogo isiyo na rangi, watu ni vidoti vyeupe tu vinatembeatembea, na kwenye kioo cha ile skrini unaona uso wa Walker unakutazama wakati wewe unabonyeza. Unabonyeza, vidoti vinapotea, kuna kundi kubwa limebanana sehemu moja nalo unalipiga. Halafu gemu haikurushi kwenda misheni nyingine, inakushusha chini utembee mwenyewe polepole katikati ya walioungua wengine bado wanajikokota, mpaka unafika pale penye lile kundi unakuta walikuwa raia, mama amemziba mtoto macho kwa mkono. Mi niliweka pedi chini nikakaa kimya.

Baada ya hapo kila kitu kinabadilika taratibu. Walker aliyekuwa anatoa amri kwa utulivu anaanza kupiga kelele na kutukana, uso umeharibika, na zile skrini za kusubiri zilizokuwa zinakufundisha namna ya kucheza zinaanza kukuuliza kama bado unajiona shujaa. Gemu nyingi za vita zinakupa medali, hii inakuuliza kwa nini bado unaendelea kucheza.

Ndo maana nina hasira na kilichotokea. Januari 2024 ikaondolewa Steam, na maduka mengine ya mtandaoni nayo yakaitoa. 2K walisema leseni kadhaa za washirika zimefika mwisho, na wengi tukaelewa ni mambo ya muziki, maana kwenye menyu tu unapokelewa na gitaa la Jimi Hendrix akipiga wimbo wa taifa wa Marekani huku bendera imening'inia kichwa chini. Sisi tulioinunua zamani bado tunaweza kuipakua. Ila mdogo wangu alipotaka kuicheza nilikosa hata pa kumwelekeza, pesa anayo, gemu ipo, na hakuna duka la mtandaoni la kumuuzia.

Watu wanasema si aangalie tu YouTube. Gemu nyingine sawa, hii hapana. Akiangalia YouTube anamwona mtu mwingine akibonyeza, yeye hana hatia yoyote, na hii gemu yote imejengwa juu ya wewe kubonyeza kwa mkono wako. Ukiitoa sokoni umebakisha muhtasari tu.

Sheria ya California iliyoanza 2025 inayataka maduka ya kidijitali yakuambie wazi kwamba unapata leseni tu, humiliki kitu. Ni vizuri kujua, ila haimsaidii aliyechelewa.

Kwa anayeitaka kihalali, tafuta diski iliyotumika ya PS3 au Xbox 360, hizo zinapiga kazi bila kumuomba mtu ruhusa. Diski ya PC kuwa makini, inategemea msimbo wa Steam, yaani zile namba za kuifungulia gemu, na kama mwenye nayo wa kwanza ameshaitumia basi umenunua kasha. Mi naipa 9 kwa 10, hiyo moja nimekata kwa ajili ya kule kujibanza. Na 2K walipie tu hizo leseni upya waturudishie, na Hendrix wasimtoe, menyu ile bila lile gitaa si menyu ile tena.