Kamera yenye kioo au isiyo na kioo: ununue ipi ukiwa Mtwara au Lindi

Minada ya korosho ikishaanza mwezi Oktoba, harusi, sendofu na ngoma hufuatana Mtwara na Lindi mpaka mvua zikolee. Anayetaka kamera ya kazi anunue Agosti au Septemba, apate wiki kadhaa za kuizoea kabla hajashika pesa za watu. Akifika dukani anakutana na swali lilelile: achukue DSLR, yaani yenye kioo ndani, au isiyo na kioo, ile ambayo wauzaji wa Kariakoo huiita mirolesi?

Ushauri wetu ni kwamba chagua mdomo kabla ya mwili. Mdomo ni ile pete ya chuma ambapo lenzi inafungwa, na ndio unaoamua utaazima lenzi kwa nani, utanunua iliyotumika wapi, na miaka mitano ijayo utakuwa umekwama au unasonga mbele. Mwili wa kamera huchakaa na kupitwa na wakati. Lenzi nzuri iliyotunzwa huhudumu zaidi ya miaka ishirini. Pesa uliyonayo igawe nusu kwa nusu: nusu mwili, nusu lenzi, flashi, betri na kadi. Anayemaliza zote kwenye mwili huishia kupiga harusi ya usiku kwa lenzi ya 18-55 iliyokuja ndani ya boksi, na picha zinatoka na chengachenga.

Tofauti yenyewe ni nini

Ndani ya DSLR kuna kioo kilichoinamishwa nyuzi 45. Kioo hicho hurusha mwanga juu, unapita kwenye prizimu na kufika kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinaruka, shata inafunguka, sensa, yaani kile kipande kinachonasa mwanga, inapata picha. Kwenye kamera isiyo na kioo, mwanga hufika kwenye sensa muda wote, na unachokiona kwenye jicho la kutazamia ni skrini ndogo.

Ubora wa picha hautofautiani kwa sababu ya kioo. Sensa ya megapikseli 24 ya aina hii na ya aina ile, kwa lenzi inayolingana na mwanga uleule, mteja hatajua ipi ni ipi. Kinachotofautiana ni namna ya kufanya kazi, na huku kwetu mambo manne ndiyo yana uzito.

La kwanza ni mwanga. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, nyuma yake mchanga mweupe wa Msimbati au ukuta wa chokaa wa Mikindani, ndio mtihani mgumu kuliko yote. Kipimo cha kamera huona weupe mwingi, kikadhani kuna mwanga kupita kiasi, kikapunguza, na uso unakuwa giza. Kwenye DSLR hulijui hilo mpaka upige, utazame skrini ya nyuma, uongeze mwangaza kwa +1 au +1.3, upige tena. Na jua la saa sita skrini yenyewe haisomeki. Isiyo na kioo hukuonyesha kosa kabla ya kubonyeza, ndani ya jicho la kutazamia ambako jua haliingii. Kwa anayeanza, faida hii peke yake inazidi nyingine zote. Tahadhari moja: ukitumia flashi za studio, zima mpangilio wa kuonyesha mwangaza halisi, la sivyo utatazama giza tupu na kudhani kamera imekufa.

La pili ni fokasi. DSLR hupima kwa sensa nyingine ndogo iliyo chini ya kioo. Njia ya mwanga kwenda kwenye sensa hiyo na ile ya kwenda kwenye sensa ya picha zikipishana kidogo tu, lenzi ya 50mm kwenye f/1.8, yaani tundu lake likiwa wazi sana, itanoa masikio badala ya macho. Canon 5D Mark III, 6D, 80D na Nikon D750 zina menyu ya kurekebisha hilo kwa kila lenzi. DSLR nyingi za bei ya chini hazina. Isiyo na kioo hupima kwenye sensa yenyewe ya picha, kwa hiyo ugonjwa huo haupo, na nyingi hufuata jicho la mtu akitembea. Ila kwenye ngoma ya mapiko, mcheza akiwa na kinyago, kufuata jicho huweza kuhangaika na kurukia mtazamaji aliye nyuma. Hapo zima utambuzi wa uso, tumia nukta moja.

La tatu ni betri, na hapa DSLR inashinda waziwazi. Kwa vipimo vya CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, Nikon D750 hutoa picha 1,230 kwa chaji moja na Canon 6D 1,090. Sony a6400 hutoa takribani 360 ukitazama kwenye jicho, na Canon EOS RP 250 tu. Tena isiyo na kioo hula umeme hata usipopiga, kwa sababu sensa na skrini vinawaka wakati wote unapotazama. Harusi inayoanza kwa nikaha asubuhi na kuishia ukumbini usiku: D750 inataka betri mbili, a6400 inataka nne. Kinachofidia ni kwamba a6400 huchajiwa kwa pawabenki ya kawaida, jambo lenye maana umeme ukikatika au ukiwa kijijini Tandahimba. Canon EOS R nayo huchajika, lakini kwa pawabenki yenye PD (chaji ya USB yenye nguvu) na betri ya LP-E6N au LP-E6NH. LP-E6 ya zamani haichajiki ndani ya kamera.

La nne ni vumbi. Ukitoa lenzi, sensa ya isiyo na kioo iko wazi mdomoni, wakati ya DSLR imejificha nyuma ya kioo na shata. Upepo wa kusi ukivuma ufukweni, usibadilishe lenzi nje. Ingia ndani ya gari, zima kamera, elekeza mdomo chini.

Tunavyozipanga

Ya kwanza kwetu ni Canon EOS R iliyotumika, pamoja na adapta ya EF (mdomo wa DSLR za Canon) kwenda RF (mdomo wa Canon zisizo na kioo). Haina kioo, lakini inakula lenzi zote za EF ambazo Canon imetengeneza tangu 1987, na hizo ndizo zimejaa sokoni. Adapta haina lenzi ndani. Mdomo wa EF uko milimita 44 kutoka kwenye sensa, wa RF uko milimita 20, na adapta inajaza zile 24 zilizobaki. Kwa hiyo ubora haupungui na fokasi haizembei. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haiingii kwenye DSLR kamwe. EOS R ina sensa kubwa ya megapikseli 30.3, tundu la maikrofoni na la hedifoni, skrini inayogeuka, na ukiizima shata hujifunga na kuikinga sensa. Kasoro zake mbili zijue kabla. Ina sloti moja ya kadi, kwa hiyo badilisha kadi katikati ya shughuli, usiweke harusi nzima kwenye kadi moja. Na video ya 4K hukata kingo sana, hivyo ukumbi mdogo unakuwa mdogo zaidi. Kwa ukumbi piga video ya 1080. Pesa ikipungua, EOS RP ni mdogo wake, ila nunua betri nne.

Ya pili ni Nikon D750, DSLR ya 2014. Kwa mpiga picha za mnato anayeishi kwa harusi na hagusi video, tungeiweka juu kabisa. Ina sloti mbili, kwa hiyo kila picha inaandikwa kwenye kadi mbili, na gizani inafanya kazi vizuri sana. Udhaifu wake ni fokasi ya skrini ya nyuma: ni ya polepole, na kwa video itakuaibisha. Nikon iliwahi kuziita baadhi ya D750 za mwanzo zibadilishiwe shata bure, kwa hiyo muulize muuzaji kama hiyo yake ilishughulikiwa. Ukija kuhamia kwenye Nikon Z, zile zisizo na kioo, kwa adapta ya FTZ, fahamu kwamba lenzi za zamani za AF na AF-D zisizo na mota hazitajinoa zenyewe. Nunua AF-S, zenye mota ndani.

Ya tatu ni Sony a6400, kwa anayetaka video na picha za biashara mtandaoni. Ufuatiliaji wake wa macho ni wa kuaminika mno. Haina kitulizo cha mtikisiko ndani ya mwili, kwa hiyo chagua lenzi yenye OSS, yaani kitulizo ndani ya lenzi, au tumia stendi. Skrini yake hupinda juu, na maikrofoni ukiipachika kichwani inaiziba; nunua kishikio cha pembeni. Kwa joto letu, ingia kwenye menyu uweke kikomo cha kujizima kwa joto kiwe cha juu, vinginevyo itajizima katikati ya hotuba ya MC. Kuna mtego mmoja mkubwa: Sony zilizouzwa kwa soko la Japani menyu yake ni ya Kijapani tu, haibadiliki. Bei yake huwa ya kuvutia, na sababu ni hiyo.

Ya nne ni Canon 80D. Kwa studio ya pasipoti, mahafali ya shule na anayejifunza, inatosha kabisa: megapikseli 24, picha 960 kwa betri, na fokasi ya video iliyo laini. Haina 4K. Kwa mteja wa Masasi anayetaka video ya harusi kwenye simu, hilo halijawa tatizo.

Ya tano ni Canon R50 mpya, kwa anayetaka dhamana ya duka na mwili mwepesi. Flashi nyingi za kawaida hazikubali hapo juu bila adapta ya AD-E1, kwa hiyo ihesabu adapta hiyo ndani ya bei.

Za kukwepa ni mbili. Canon M50 ni nzuri mkononi, lakini mdomo wake wa EF-M Canon imeshauacha, na lenzi za RF haziingii. Canon 4000D nayo ina mdomo wa plastiki, haijisafishi sensa, haina hata kigurudumu cha kurekebisha jicho la kutazamia kwa mwenye macho hafifu, na kichwani, pale flashi inapopachikwa, haina ile pini ya katikati. Pini hiyo haipo pia kwenye 250D. Bila hiyo, kirushio cha bei nafuu cha flashi za studio hakifanyi kazi, na mtu huja kugundua akishaweka mwavuli na pazia.

Kukagua iliyotumika

Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560, kwa hiyo kamera ya kurudisha ni gharama. Kabla hujatuma pesa, omba vitu vinne.

Idadi ya mibonyezo ya shata. Kwa Nikon imeandikwa ndani ya kila picha. Mwambie muuzaji apige JPEG leo na aitume WhatsApp kama dokumenti, si kama picha, maana ikitumwa kama picha taarifa zote hufutwa. Kwa Canon nyingi inahitaji kompyuta na waya. Shata ya D750 imepimwa kwa mibonyezo 150,000, ya 80D na 6D kwa 100,000. Ikikaribia hapo, shusha bei kwa kiasi cha shata mpya.

Picha ya ukuta mweupe au mbingu kwenye f/22, tundu likiwa dogo. Nukta nyeusi ni vumbi, linasafishika. Nyuzi zilizosambaa kama mizizi ni ukungu, achana nayo.

Video ya lenzi ikimulikwa kwa tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi kabisa. Nyuzi kama utando wa buibui ni ukungu tena, ugonjwa mkuu wa lenzi zilizokaa pwani. Ukiwa kwenye kingo tu lenzi bado inapiga vizuri, lakini usiichanganye na nzima kwenye mkoba mmoja.

Picha ya skrubu za chini, mlango wa betri na tundu za pembeni. Kutu ya kijani au unga mweupe ni chumvi ya bahari, na iliyoonekana nje imeshafika ndani.

Lenzi ya Canon 24-105 f/4L ya kwanza ipimwe kwenye f/4 na kwenye f/11, ikivutwa mwanzo na mwisho. Waya wake mwembamba wa kuendesha tundu hukatika: kwenye f/4 inapiga kama kawaida, ukifunga tundu inaleta Err 01. Muuzaji akikuonyesha picha za f/4 pekee, omba nyingine. Na dai risiti ya EFD yenye namba ya mwili. Kwa aliyenunua kwa mtu, mwandikiane mbele ya shahidi.

Ikishafika nyumbani

Usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pakiti za silika zinazobadilika rangi, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye kikaango juu ya moto mdogo na uirudishe. Kuanzia Desemba hadi Aprili utafanya hivyo mara nyingi zaidi. Ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa. Ukiitoa papo hapo unyevu wa pwani huganda juu ya kioo cha lenzi, na ukiufuta kwa haraka unarudi.