Lenzi nne za Canon zisizofika kilo moja: kila moja inafaa wapi na inakwama wapi

Mwenye Canon ya sensa (kipande kinachopokea mwanga wa picha) ndogo, iwe 1300D, 200D, 700D au 80D, kwa kawaida huanza na lenzi moja tu, ile 18-55 iliyokuja ndani ya boksi la kamera. Akizoea kidogo huanza kuuliza aongeze nini. Hapa tunapima seti ya lenzi nne: hiyo hiyo EF-S 18-55mm IS STM, EF 50mm f/1.8 STM, EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM na EF-S 10-18mm f/4.5-5.6 IS STM. Milimita chache zinachukua eneo pana, nyingi zinavuta karibu. Uzito wake kwa mpangilio huo ni gramu 205, 160, 375 na 240, yaani gramu 980 zote pamoja. EF 70-200mm f/2.8L IS II peke yake inakaribia kilo moja na nusu, na ukiwa nayo sebuleni utakuwa unapiga pua za watu.

Uzito una maana kuliko inavyodhaniwa. Lenzi inayobaki nyumbani kwa sababu begi limekuwa zito haipigi picha.

Tuanze na 18-55, kwa kuwa jina hilo moja linabeba lenzi nyingi tofauti. Canon imetoa matoleo kadhaa tangu 2003. Unayoitaka ina maandishi mawili kwenye pete ya mbele: IS, maana yake ina kituliza mtikisiko, na STM, aina ya mota inayofokasi kimya na haraka. Toleo la f/3.5-5.6 IS STM lilitoka 2013, la f/4-5.6 IS STM likafuata 2017. Chukua lolote kati ya hayo. Toleo la III, ambalo limefungwa na kamera nyingi za bei ya chini kama 2000D na 4000D, halina kituliza mtikisiko kabisa, na kioo chake cha mbele huzunguka wakati wa kufokasi, hivyo filta ya kupunguza mng'ao inageuka kila unapoiweka sawa. Kama ndilo ulilo nalo, badilisha hilo kwanza kabla hujaongeza kingine.

Toleo la STM linasogea hadi sentimita 25 kutoka kwenye kitu, kwa hiyo sahani ya chakula, hereni au maua unapata bila lenzi ya pekee. Ukitumia f/8 (namba hii ni ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga; namba ikikua tundu linapungua) mchana picha zake zina ukali wa kutosha kuchapwa kubwa na kutundikwa ukutani. Udhaifu wake ni mwanga. Ukivuta hadi 55 tundu lake halipanuki zaidi ya f/5.6, na ndani ya ukumbi wa sendofu saa mbili usiku hiyo ni sawa na kuchungulia kwenye tundu la kitasa. ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, inapanda hadi 6400 na picha inajaa chenga.

Hapo ndipo 50mm f/1.8 inapolipa. Tundu la f/1.8 linapitisha mwanga karibu mara 10 ya f/5.6, kwa hiyo ile ISO 6400 inashuka hadi jirani ya 640. Hakuna lenzi nyingine ya Canon inayokupa tofauti kubwa hivyo kwa pesa ndogo hivyo. Lakini inauzwa kwa sifa nyingi kuliko inazostahili, na wanaonunua kwa mkumbo hushtuka siku ya kwanza. Sensa ndogo ya Canon, iitwayo APS-C, ina upana wa milimita 22.3 tu, hivyo pembe ya 50 inabana na kuwa kama ya 80 kwenye sensa kubwa ya 36 kwa 24. Kwa vipimo vya chumbani: ukisimama mita 3 kutoka ukutani, 18 inachukua upana wa mita 3.7, na 50 inachukua mita 1.3. Kumpiga mtu mzima wima, kuanzia viatu hadi kilemba, unahitaji kurudi nyuma kama mita 4 na nusu. Sebule ngapi zina nafasi hiyo ukishatoa makochi?

Kwa hiyo 50 ni lenzi ya uso na kifua: bibi harusi akivalishwa pete, mzee akitoa nasaha, mtoto dirishani. Na hapo ina masharti yake. Ukiwa mita 1.5 kutoka kwa mtu kwa f/1.8, eneo lililo na ukali lina kina cha sentimita 6 hivi. Akigeuza uso kidogo, jicho moja linakuwa kali na la pili linafifia. Watu wawili wasiokaa sambamba, mmoja atapotea. Funga tundu hadi f/2.8 na kina kinafika karibu sentimita 10, nyuma bado panafifia vizuri. Chagua nukta moja ya katikati ya kufokasi badala ya kuiachia kamera ichague, maana ikiachiwa hupenda kitu kilicho karibu zaidi, ambacho mara nyingi ni pua au kipaza sauti.

Haina kituliza mtikisiko, kwa hiyo usishuke chini ya kasi ya shata ya 1/80 ya sekunde. Ukumbini jaribu 1/100 kwanza. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa 50 Hz, na taa za mirija pamoja na balbu nyingi za LED hupwesa mara 100 kwa sekunde; kwa 1/100 kila picha inapata mpigo mzima. Ukipiga kwa 1/250 chini ya taa hizo utaona picha moja ya njano, inayofuata ina giza nusu, na utadhani kamera imeharibika. Watu wakianza kucheza huna budi kupandisha kasi ya shata na kuvumilia hilo, au kutumia fleshi.

Kama picha zinatoka na ukali nyuma kidogo au mbele kidogo ya jicho, na inajirudia, tatizo ni kutokupatana kwa lenzi na mfumo wa fokasi wa kamera hiyo. Kwenye 70D na 80D kuna marekebisho ndani ya menyu. Kamera za tarakimu tatu na nne, kama 200D na 1300D, hazina. Dawa yake ni kufokasi kwa kutumia skrini ya nyuma badala ya kitundu cha jicho, kwa sababu pale fokasi inapimwa kwenye sensa yenyewe. Kwenye 200D na 80D njia hiyo ni ya haraka, kwenye 1300D na 2000D utasubiri.

Jambo moja kuhusu umbo la lenzi hii: mdomo wake hutoka nje inapofokasi karibu, na huweza kubaki nje ukizima kamera. Ukiubonyeza kwenye begi gia za ndani zinavunjika. Fokasi kitu cha mbali kabla ya kuzima. Kuzungusha pete baada ya kuzima hakusaidii, pete za STM hazifanyi kazi bila umeme. Ile 50 ya zamani, toleo la II la 1990, ni rahisi zaidi mitumbani lakini kikalio chake, sehemu inayofungwa kwenye kamera, ni plastiki, haisogei chini ya sentimita 45, na ikianguka ina tabia ya kuachana vipande viwili. Ongeza pesa kidogo, chukua STM.

55-250 ndiyo lenzi inayodharauliwa bila sababu. Kwa kuwa ni nyepesi na ya plastiki, watu huiona ya kitoto. Ukali wake kwa 250 unatosha kabisa, kituliza mtikisiko kinasaidia hatua 3 na nusu (kila hatua inakuruhusu kupunguza kasi ya shata kwa nusu), na inakwenda sawa na 400 kwenye sensa kubwa. Mikumi au mbuga ya Nairobi, simba akiwa mita 40 kutoka garini, fremu inachukua upana wa mita 3.6: anajaa. Ndege ni habari nyingine. Mdiria mdogo wa sentimita 15 akiwa mita 20, fremu ina upana wa karibu mita 1.8, kwa hiyo anakuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya picha, na hakuna kukata kutakakomkuza akapendeza. Mpenzi wa ndege asinunue hii.

Kituliza mtikisiko kinatuliza mkono wako tu, swala hakimtulizi. Mnyama anayetembea anataka 1/500, anayekimbia 1/1000 au zaidi, na kwa f/5.6 kasi hizo zipo asubuhi jua likishapanda, hazipo alfajiri yenyewe. Zima injini ya gari, weka mfuko wa maharage kwenye ukingo wa dirisha, lenzi ilale juu yake. Mfuko wa kilo mbili unatosha. Usibadilishe lenzi ndani ya gari lililo wazi. Vumbi la barabara ya mbuga likiingia kwenye sensa utaliona kama madoa meusi angani katika kila picha ya f/11.

Angalia toleo hapa pia. Kuna IS ya 2007 na IS II ya 2011. Hizo zinafokasi polepole kwa kelele na hazisogei chini ya mita 1.1. STM ya 2013 inafika sentimita 85 na kioo chake cha mbele hakizunguki.

10-18 ni ya mahali pasipo na nafasi ya kurudi nyuma. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ndivyo mfano wake hasa: mlango wa nakshi upo upande huu, wewe mgongo umegusa ukuta wa pili, na 18 inakupa nusu ya mlango. Kwa 10, kutoka mita 3, unapata upana wa mita 6.7. Lakini shika kamera wima sawasawa. Ukiinua kidogo tu kupata paa, kuta zinaanza kuegemeana kama zimelewa. Washa mistari ya gridi kwenye skrini, chuchumaa au panda ngazi, usiinamishe kamera. Na usipige nayo kundi la ukoo kwa 10: walio pembeni wanavutika na kunenepa, na kwa kawaida ndipo mashangazi wanaposimama. Rudi hadi 18, au chukua 18-55 na uiweke 24 au zaidi. Tundu lake ni dogo, lakini kituliza cha hatua 4 kinakuruhusu kushika mkononi kwa 1/8 ndani ya msikiti au ukumbi mtupu.

Kuna watakaouliza kuhusu EF-S 24mm f/2.8 STM, ile nyembamba ya gramu 125. Ni nzuri sana kwa mitaani, inasogea hadi sentimita 16, na kamera inakuwa ndogo kiasi cha kutoshtua watu. Asiyepiga majengo wala mandhari aichukue badala ya 10-18, hatakosea.

Filta: 18-55 na 55-250 zote ni milimita 58, moja inatumika kwa mbili. Ya 10-18 ni 67, ya 50 ni 49. Filta ya kupunguza mng'ao usiiweke kwenye 10, anga litatoka na doa la buluu iliyokolea katikati na weupe pembeni. Filta za UV za bei ya chupa ya soda huleta vivuli vya taa usiku. Kofia ya lenzi inakinga kioo vizuri zaidi, na kwa bahati mbaya Canon huiuza kando.

Ukinunua mtumba, Kariakoo au kwingineko, nenda na kamera yako, kadi na tochi. Itoe lenzi kwenye kamera, mulika kutoka nyuma, tazama kutoka mbele. Nyuzi zinazosambaa kama utando wa buibui ni fangasi: achana nayo, hata muuzaji akishusha bei. Vumbi chache halina neno. Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: weka f/11, piga picha kwa kila hatua ya zumu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani kuna utepe mwembamba wa nyaya unaoendesha tundu, na kwenye 18-55 zilizotumika sana hukatika. Lenzi kama hiyo inapiga vizuri tundu likiwa wazi kabisa, lakini ukifunga tundu kamera inaandika Err 01, mara nyingine kwenye sehemu fulani tu ya zumu. Muuzaji atasema ni uchafu. Safisha vidoti vya dhahabu vilivyo nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu, rudia. Ikiandika tena, si uchafu.

Wa pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, wana adui wa kudumu, unyevu. Boksi la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira, pakiti za silika ndani na kipimo kidogo cha unyevu kinachosoma kati ya asilimia 40 na 50, ndiyo kabati la gharama ndogo kuliko yote. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili. Mkoba wa ngozi ulio kabatini ni shamba la fangasi. Ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto la nje, la sivyo kioo kinalowa.

Kwa mpangilio wa kununua: 50 kwanza kwa anayepiga watu na sherehe, 55-250 kwanza kwa wa michezo na mbuga, 10-18 mwisho. Anayepanga kuhamia sensa kubwa kama 6D ajue kuwa lenzi za EF-S, zenye alama ya mraba mweupe kwenye kikalio, hazifungi huko kabisa. Katika nne hizi ni 50 tu, yenye nukta nyekundu, itakayomfuata. Akienda kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) za R10 au R50, adapta ya EF-EOS R inazibeba zote nne bila kupoteza fokasi ya otomatiki.