Mawese, udongo mweupe na sabuni: vifaa vya onesho la mwili kutoka sokoni Kigoma

Anayeandaa onesho la mwili, yaani sanaa ambayo msanii hutumia mwili wake mbele ya watazamaji, la kuhoji urembo wa dukani, hana haja ya kuagiza rangi za kujipaka kutoka Dar es Salaam. Ukizunguka Mwanga na Kibirizi unapata karibu kila kitu, tena baadhi ya bidhaa zinasema mengi kuliko rangi ya kopo. Ila zimewekwa sokoni kwa ajili ya sufuria na beseni, si kwa ngozi, kwa hiyo kuzichagua kunataka jicho.

Mawese yanaongoza kwa mbali. Mwaka 1993 jijini London, msanii Janine Antoni alichovya nywele zake kwenye rangi ya nywele ya dukani akapiga deki sakafu ya ukumbi kwa kichwa, huku watazamaji wakirudi nyuma hadi nje. Huku kwetu mawese yanaongeza kitu ambacho rangi ile haina: ni chakula. Harufu yake iko kwenye kila jiko la Ujiji, na mtazamaji anajua fika thamani ya kinachomwagwa mbele yake. Kwa kuchora kwa nywele zilizochovywa mawese juu ya shuka jeupe la sita kwa sita, lita 2 zinatosha. Asubuhi ya baridi utayakuta yameganda nusu: juu mekundu yanatiririka, chini uji mzito wa njano. Ukiyamimina hivyo hivyo, shuka litapata michirizi mwanzoni na mabonge mwishoni. Simamisha dumu kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, kisha litikise. Usiyabandike jikoni, mafuta ya moto kichwani si sanaa.

Kabla ya kulipa, omba kijiko kimoja ukipashe juu ya moto. Yakichachatika na kurusha matone, yana maji. Hayo huchacha mapema, na kwenye kitambaa kila doa huzungukwa na duara la unyevu linaloharibu mchoro. Nywele za asili zilizochambuliwa hubeba mafuta mengi na kuacha mstari mpana. Rasta za dukani hazinywi, zinadondosha tu.

Kasoro kubwa ya mawese ni utelezi. Sakafu ya saruji iliyong'arishwa ikipata mawese, hata asiyecheza ataanguka. Tandika turubai chini ya shuka, bana kingo zote, na weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Kasoro ya pili wengine wataiona faida: jua hula ile rangi ya chungwa. Shuka la kutunza lianike ndani, gizani. Linaloanikwa kwenye kamba uani litapauka siku hadi siku, na kwa onesho la vipodozi hilo si jambo dogo.

Udongo mweupe, ule wa vipande wanaoutafuna wajawazito, ni mzuri lakini ni mkaidi. Utwange ukiwa umefunga kitambaa puani, uchekeche kwa chujio la chai, kisha changanya vikombe 2 vya unga na kikombe 1 cha maji, ukiyaongeza kidogo kidogo mpaka upakike kama uji wa mtoto. Ngozi iwe imeoshwa kwa sabuni na kukauka. Ikiwa na mafuta, udongo unavuka vipande vipande. Kijiko cha chai cha glisirini hupunguza nyufa. Lakini jaribu mara moja bila hiyo glisirini: mtendaji akitabasamu kama mrembo wa bango la losheni, ufa wa kwanza unaanzia pembe ya mdomo na kupanda shavuni. Hakuna rangi ya kununua inayofanya hivyo. Chota udongo wenyewe kutoka kopo tupu la krimu ya kung'arisha na ukumbi utaelewa bila maelezo.

Kopo tupu, tunasisitiza. Wapo wanaotaka kupaka mkorogo wenyewe jukwaani ili onesho liume. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu hizo huharibu figo, kemikali za kung'arisha kama hidrokwinoni na dawa kali za steroidi huharibu ngozi, na msanii wa mazoezi ya wiki tatu atakuwa amejipaka mara nyingi kuliko mteja. Tena macho ya watazamaji hayawezi kutofautisha mkorogo na udongo.

Sabuni ya mawese ya vipande ndiyo ya kuchagua kwa uangalifu zaidi. Iliyotengenezwa juzi, au iliyozidishiwa kostiki, huwasha, hasa mahali palipokuwa na udongo. Chukua kipande kikavu, kigumu, kilichokaa walau wiki 4, ukijaribu kwanza ndani ya mkono siku moja kabla. Kusafisha mwili anza na unga wa mahindi mkavu: usugue unyonye mafuta, uukung'ute, ndipo sabuni na maji ya uvuguvugu, mara mbili. Taulo la kwanza lihesabu limekufa.