Uchambuzi: Shamba la La Haye Sainte kwa meza yako ya Waterloo

Niaje wadau, leo mezani tuna seti ya shamba la La Haye Sainte, skeli ya milimita 28 (yaani kwa wanajeshi wadogo wa kuchezea wenye urefu wa kama milimita 28), kuta za MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliobanwa, na mapaa ya rezini, plastiki ya kumimina. Kama unapanga kucheza mezani vita ya Waterloo, ile ambayo Wellington wa Uingereza na washirika wake walimshinda Napoleon wa Ufaransa, huwezi kulikwepa hili jengo, maana tarehe 18 Juni 1815 lilikuwa pale mbele ya katikati ya mstari wa Wellington, kando kabisa ya barabara ya kutoka Charleroi kwenda Brussels, na aliyekabidhiwa kulishika ni Meja Georg Baring na Wajerumani wake wa King's German Legion, kikosi cha Wajerumani ndani ya jeshi la Uingereza, kama 400 hivi mwanzoni.

Mazuri yapo, tena mengi. Cheki hizi kuta kwa karibu, mistari ya matofali imekatwa na leza safi kabisa, ukipitisha brashi kavu yenye rangi nyeupe inashika kwenye kingo tu na ukuta unakaa kizee. Mapaa yanabanduka kwa hiyo unapanga wanajeshi mpaka ndani. Alafu kilichonifurahisha zaidi ni hili dimbwi hapa uani, wengi wanaliachaga, lakini ghala lilivyoshika moto watu wa Baring walichota maji humuhumu kwa masufuria ya kupikia ya askari wa Nassau, Wajerumani wengine wa upande wa Wellington, wakauzima huku wanapigwa risasi. Bila dimbwi hilo tukio hulichezi.

Sasa kinachoniuma ni huu mlango wa ghala upande wa magharibi. Wameufunga! Umeungana na ukuta, kitu kimoja. Jamani, mlango huo siku ile haukuwepo, askari waliufanya kuni usiku wa kuamkia vita, mvua inanyesha na baridi, na ndo maana Wafaransa walirundikana pale kwenye uwazi siku nzima na wengi wakafia pale. Mlango ukifungwa, mchezaji wa Baring anapata ngome ambayo Baring mwenyewe hakuwa nayo. Chukua msumeno mwembamba ukate, MDF inakubali, kisha paka kingo rangi ya mbao.

Na jingine, seti imekuja na kitako bapa kama meza yenyewe, wakati Waterloo ni vita ya miinuko. Usijenge kwa kuangalia picha za siku hizi, maana kile Kilima cha Simba kilichomalizika 1826 kilijengwa kwa udongo uliochimbwa palepale kwenye mgongo wa mwinuko alioushika Wellington, kwa hiyo ardhi unayoiona leo siyo waliyoiona wao. Panga foamu kwa tabaka nyembamba, mteremko uwe wa taratibu, shamba likae chini kidogo upande wa Wafaransa, na nyuma ya mgongo pawe na nafasi ya kuficha vikosi, kwa sababu Wellington aliwaficha watu wake kule na mchezaji wa Napoleon hatakiwi kuwaona mpaka apande. Kwangu mimi hiyo foamu ina maana kuliko jengo lote hili, na kama hela inatosha kitu kimoja anza na ardhi, jengo litafuata.

Mashamba ya rai, nafaka inayofanana na ngano, usiyasahau, yalikuwa marefu yanafika mabegani, zulia la mlangoni la nyuzi za nazi ukilikata vipande linatoka vizuri sana. Barabara na njia zipake tope, usiku ule ilinyesha mno.

Seti inakuja na karatasi ya sheria pia, ila haina kikomo cha risasi, na hapo lazima muongeze wenyewe. Baring aliomba risasi tena na tena hakuletewa, na shamba likaanguka jioni kwenye saa 12 hivi kwa sababu bunduki zilikauka. Mimi kila kikosi ndani ya shamba nakipa vidonge vya kuhesabia, kila mkipiga unatoa kimoja, vikiisha mnabaki na singe. Niandikieni hapo chini nyie mngempa Baring vingapi.