Shampuu ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu vya ngozi) kwa mbwa wangu mwenye aleji ya ngozi, huu ni mwezi wa tano tangu nianze

Nipo Nkuhungu hapa Dodoma, nina mbwa dume chotara wa German Shepherd anaitwa Simba, ana miaka mitatu. Alianza kujikuna akiwa na mwaka na nusu, kila mtu akasema huo ukurutu, basi nikawa nampeleka achomwe sindano ya aivamektini, ile dawa ya kuua wadudu wa ukurutu, anatulia kidogo afu anarudi palepale. Jirani akaniletea oili chafu ya gari nimpake, nikampaka mara moja. Jamani msithubutu, mbwa anajilamba, ile sumu yote inaingia tumboni, roho inaniuma mpaka leo.

Kilichonishtua ni miguu. Simba ana vidole vyeupe, vikageuka rangi ya chai kwa kulambwa, usiku mzima unasikia nyap nyap nyap hadi alfajiri, kwapani kumeiva, ngozi ya tumbo imekuwa nene na nyeusi, na ananuka kama unga uliochacha.

Nikaita daktari wa mifugo nyumbani. Akakwangua ngozi mpaka damu ikachungulia, akaenda kupima kwenye hadubini, utitiri wa ukurutu hakuna, ila bakteria na fangasi wamejaa. Akaniambia mama hii ni aleji, mwili wake unapigana na vitu vya kawaida tu kama vumbi, haiponi moja kwa moja ila inatulizwa, hao bakteria na fangasi wamepata upenyo kwenye ngozi iliyochoka. Kwa kweli nililia.

Akampa prednisolone ya kutuliza muwasho, wiki hizo Simba alikuwa anamaliza beseni la maji na kukojoa hovyo, tukaipunguza kidogo kidogo maana haikatwi ghafla. Na shampuu yenye klorheksidini na dawa ya fangasi, mara mbili kwa wiki.

Sasa hapa ndo nilikosea. Nilikuwa namwosha kama navyoosha nywele zangu, napaka nasuuza, wiki mbili hamna kitu nikasema nimeliwa hela. Daktari akaniuliza unaiacha muda gani? Kumbe inatakiwa ikae dakika 10 kwenye ngozi ndo isuuzwe. Sa hivi natega simu, nakaa naye chini namsugua kwapani na katikati ya vidole, nasuuza kwa ndoo mbili maana maji yetu ya mgao, namkausha na kanga. Wiki ya tatu harufu ikaisha, ya sita manyoya yakaanza kuota tumboni.

Chakula tulijaribu kubadilisha pia, tuone kama ndicho kinachomletea aleji, wiki 8 nyama ya mbuzi na viazi vitamu tu, hakikubadilisha kitu, karudi kwenye ugali na dagaa. Dawa ya viroboto nampa kila mwezi hata nisipomwona kiroboto.

Kero za hii shampuu: chupa moja inazidi bei ya kilo mbili za nyama, na upepo wa mwezi wa saba ulipoanza na lile vumbi letu alirudi kulamba miguu, ikabidi tuongeze awe anaoga mara tatu kwa wiki. Masikio nayo yana dawa yake ya matone, shampuu haiingii huko. Ila vidole vimerudi vyeupe, na usiku analala.