Kibanda cha vitabu vya mtumba Mwanjelwa, nilikopangiwa likizo yangu

Kila mwaka naomba likizo mwezi wa Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea, na kila mwaka naondoka na vitabu vingi kuliko siku. Safari hii nilitaka kwenda kwa mpango. Sheria ya ajira inanipa siku 28, Jumapili zikiwa humo humo. Nikatoa 3 za harusi ya binamu, nikatoa 3 za kumsaidia mama kuvuna mahindi, zikabaki 22. Orodha niliyoandika nyuma ya daftari la zamu ilikuwa ya watu wa Ukerewe watupu: riwaya zote 6 za Euphrase Kezilahabi kwa mfuatano wa miaka, kuanzia Rosa Mistika ya 1971 hadi Mzingile ya 1991, kisha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, juzuu zote mbili. Kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, nikisome nikiwa nyumbani Tukuyu.

Kuandika orodha ni rahisi, kazi iko kwenye kuvipata. Maduka niliyopita yamejaa vitabu vya kiada, na ukiulizia riwaya ya zamani unaoneshwa ile inayotoka kwenye mtihani. Aliyenifaa ni mzee mmoja mwenye kibanda cha vitabu vya mtumba kwenye soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, upande wa nyuma, ukishawapita wauza ndoo na mabeseni. Hana bango. Ulizia "baba wa vitabu", akina mama wa pale watakuelekeza.

Baada ya shikamoo na marahaba nikampa orodha. Aliipitia yote kwa kidole bila kugusa kitabu hata kimoja, halafu akaniuliza jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza: "Mwanangu, wewe huwa unasoma asubuhi au usiku?"

Nikamwambia usiku, watu wakishalala.

"Basi Nagona na Mzingile usiviache mwisho kwa sababu ni vyembamba. Hivyo vinataka kichwa cha asubuhi. Kitereza ndiye wa usiku, tena msome kwa sauti kama nyumbani kuna mtu mzima."

Akatoa penseli sikioni, akanipangia upya. Nimenunua vitabu miaka mingi, na kwangu maneno yale yalikuwa na thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Siku ile alikuwa na vitatu tu. Vilivyobaki alivitafuta kwa wenzake kwa siku 9, akawa ananipigia kila kimoja kikipatikana. Riwaya za Kezilahabi nilizilipia kati ya Sh 3,000 na Sh 7,000 kila moja. Kitereza alinitajia Sh 30,000 kwa juzuu mbili na sikubishana, maana vitabu hivyo kuvikuta pamoja ni bahati. Ndani ya jalada anaandika bei na tarehe kwa penseli. Ukikirudisha ndani ya miezi 2 kikiwa kama kilivyotoka, anakinunua kwa nusu ya bei hiyo.

Sasa kasoro, na iliniuma. Usiku mmoja niko Tukuyu, mvua nje, Gamba la Nyoka ya Kezilahabi imenikolea, nafika ukurasa wa 96, nafunua, nakutana na 113. Nilidhani karatasi zimegandana. Nikapapasa, hakuna kitu, ni uzi mmoja tu umening'inia kwenye mshono. Asubuhi nikampigia, na sikuficha kwamba nimekasirika: kitabu cha mtumba muuzaji anapaswa kukikagua kabla hajapokea hela. Akasema, "Kosa langu, mwanangu." Kisha akanieleza kwamba vitabu vingi vya zamani vilishonwa kwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo uzi ukioza haliondoki karatasi moja, linaondoka fungu zima. Akanifundisha kukishika kitabu kwa mgongo na kukitazama kutokea juu: mafungu yaliyotimia yanakaa sawasawa, palipopungua panabonyea. Nilivijaribu vyote saba vilivyobaki palepale kitandani. Vilikuwa salama.

Siku ya pili kondakta wa Kosta akanikabidhi bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi 8, kurasa 97 hadi 112, zimetolewa kopi kutoka nakala nyingine isiyo na jalada na kukatwa kwa mkasi zilingane na kitabu changu. Nilimlipa kondakta Sh 1,000. Hela ya kopi baba wa vitabu aliikataa.

Na ushauri wake kuhusu Kitereza ulikuwa wa kweli. Mama yangu si msomaji, lakini jioni ya kwanza tulipokaa jikoni karibu na mkaa nikaanza kumsomea: mume na mke wasio na mtoto, ndugu wa mke wanamchukua binti yao, mume anakwenda kumgomboa na kudaiwa vyungu vya pombe ya ndizi. Mama akanisimamisha. "Ya ndizi? Sisi ndizi tunakula. Pombe ni ya ulezi." Tangu hapo kila usiku alikuwa akiuliza Myombekere amefikia wapi na vyungu vyake. Nilipomwambia kwamba mwandishi alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa, alinyamaza kidogo halafu akasema, "Miaka yote hiyo, na hakuzichoma karatasi."

Dunia Uwanja wa Fujo, ya Kezilahabi, niliisoma peke yangu. Mtu wa nyanda hizi akifika kwenye ugomvi wa Tumaini na serikali juu ya mashamba, lazima akumbuke Isimani na Krismasi ya 1971, siku Dk. Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa na mkulima. Nilikifunga kitabu, nikatoka nje kwanza.

Ukienda, beba tochi au simu yenye chaji, kibandani mna giza na hakuna pa kukaa. Risiti hatoi. Vya watoto ni vichache mno, na ningependa aviongeze. Januari usimsumbue na riwaya, wazazi wa wanafunzi wanakuwa wamemzingira. Jumapili anafunga. Ukiwa na orodha ndefu, mpelekee wiki 3 kabla ya likizo, si siku 2.

Mzingile sijaimaliza, naisoma asubuhi kabla ya zamu, kurasa 4 au 5. Vitatu nimemrudishia na nusu ya bei nimeipata, hata kile cha karatasi za kopi. Juzuu za Kitereza sirudishi. Ziko Tukuyu kwa mama, na Desemba anataka tuanze upya pale Myombekere anapopeleka pombe ukweni.